Shahidi wa Jiwe, Shahidi wa Udongo

Hoja iliyo mezani ni hii: maandishi ya ustaarabu wa kale si ushahidi, ni matangazo ya wenye nguvu. Anayeitetea ni Wakili, ambaye mkate wake hutokana na kuwapima mashahidi. Anayeipinga ni Mkaguzi wa hesabu, mwanamke aliyezoea makaratasi ya watu wenye jambo la kuficha. Mwalimu wa historia anaongoza mjadala, na hatavumilia kukaa kimya. Sauti hizi tatu zimetungwa, lakini wafalme, vita na hati wanazozitaja ni za kweli.

MWALIMU: Wakili, hoja ni yako. Tufungulie.

WAKILI: Ahsante, Mwalimu. Naanza na shahidi maarufu kuliko wote. Karibu mwaka 1274 KK, Ramses II wa Misri aliongoza jeshi hadi Kadeshi, mji uliokuwa kando ya mto Orontes katika Siria ya leo. Alikwenda kupigana na Muwatalli II, mfalme wa Wahiti, ambao makao yao makuu yalikuwa nchini Uturuki ya leo. Habari za vita hivyo alizichongesha kwenye kuta za mahekalu: Abu Simbel, Luxor, Karnak, Abydos na Ramesseum. Zinasimulia kwamba askari walimkimbia, akabaki peke yake katikati ya magari ya vita 2,500 ya adui, akamwita mungu Amun, kisha akawatupa Wahiti mtoni kwa nguvu zake mwenyewe. Lakini Kadeshi haikutekwa. Ramses alirudi kwao na mji ukabaki kwa Wahiti. Nayo maandishi ya Wahiti, yaliyoandikwa baadaye chini ya Hattusili III, mdogo wake Muwatalli, yanasema aliyeshindwa ni mfalme wa Misri. Vita vilevile, washindi wawili! Wahenga walishasema: mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.

MKAGUZI: Kaka Wakili, umesoma majigambo ukaruka mambo ya aibu. Kuta hizohizo zinasimulia kwamba Wabedui wawili wa kabila la Shasu walimwendea Ramses wakamwambia adui bado yuko mbali, upande wa Aleppo, naye akaamini. Alitangulia na kikosi cha Amun, huku kikosi cha Ra, cha Ptah na cha Seth vikiwa nyuma, vimeachana. Wapelelezi wa Wahiti walipokamatwa na kupigwa ndipo ukweli ukatoka: jeshi zima la Muwatalli lilikuwa limejificha nyuma ya Kadeshi. Kikosi cha Ra kikavamiwa kingali njiani na kusambaratika. Haya yote tunayajua kutoka kwa nani? Kutoka kwa Ramses mwenyewe. Mtu anayetunga uongo wa kujikweza anakuwaje na haja ya kutuambia kwamba wafugaji wawili walimpiga chenga?

WAKILI: Anayo haja, tena kubwa. Mtego usipokuwa mbaya, shujaa hang'ai. Zaidi ya hapo, lawama hakuzibeba yeye. Maandishi yanawakemea maofisa kwa kushindwa kujua adui alipo. Hukusikia kukiri, dada yangu, umesikia mkuu wa idara akiwatupia mzigo walio chini yake.

MKAGUZI: Hapo umenipata kidogo, nakubali. Basi nitabadilisha ushahidi. Acha kile anachokisema, angalia kile ambacho hakuthubutu kukisema. Kama kuta zilikuwa zake na wachongaji wake, angeweza kuandika kwamba aliingia Kadeshi siku ile, akavunja malango na kumtoa Muwatalli akiwa amefungwa kamba. Hakuandika. Alikuza alichofanya uwanjani, lakini hakudai mji asiouteka. Maelfu ya watu walikuwa wamerudi Misri kwa miguu yao wakijua yaliyotokea. Uongo wa mfalme nao una mpaka, na mpaka huo unaweza kupimwa.

MWALIMU: Niingie hapa, maana Kadeshi ina mwendelezo unaowahusu nyote wawili. Karibu mwaka 1259 KK, Ramses na Hattusili III walifunga mkataba wa amani. Nakala ya Kimisri ilichongwa Karnak na Ramesseum. Mwaka 1906, Mjerumani Hugo Winckler alipokuwa akichimba Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, alipata vibao vya udongo vyenye mkataba huohuo kwa lugha ya Kiakadi, iliyokuwa lugha ya kidiplomasia ya zama zile. Yaani tuna hati ya pande zote mbili, na mfano wa kibao hicho umetundikwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Ukizilinganisha, masharti yanafanana: hakuna kuvamiana, kila mmoja atamsaidia mwenzake akishambuliwa, na watoro watarudishwa. Tofauti iko kwenye utangulizi. Maandishi ya Karnak yanaeleza kwamba wajumbe wa Wahiti ndio waliokuja kwa Farao kuomba amani.

MKAGUZI: Mwalimu umenifanyia kazi yangu! Sehemu ambayo upande wa pili ungeishika na kudai haki kwayo, hapo hati zinasema kitu kimoja. Sehemu ambayo ilisomwa na wa nyumbani tu, hapo ndipo kila mtu alipojipamba. Hiyo ndiyo kanuni ninayoitumia kazini. Siulizi kama mwandishi ni mwaminifu. Nauliza: angedanganya, nani angemkamata?

WAKILI: Kanuni nzuri, ila inategemea bahati. Hattusa ilichimbwa na vibao vyake vikapatikana. Ni vita vingapi vya kale ambavyo tuna upande mmoja tu? Na nitakuonyesha upande mmoja unavyoweza kutuchezea. Katika hekalu la Farao Sahure, huko Abusir, kuna picha ya mfalme akimpiga chifu wa Walibya huku mke wa chifu na wanawe wawili wakitazama. Majina yao yameandikwa. Ukiwa na majina ya mke na watoto, utasema hili lilitokea, sivyo?

MWALIMU: Naijua picha hiyo.

WAKILI: Basi picha hiyohiyo, na majina yaleyale, imo katika hekalu la Pepi II, aliyetawala karibu miaka 200 baada ya Sahure. Na kama hiyo haitoshi, imo pia Kawa, nchini Sudan, katika hekalu la Taharqa, aliyetawala katika karne ya 7 KK. Toka Sahure hadi Taharqa ni zaidi ya miaka 1,700. Familia moja ya Kilibya imepigwa na mafarao watatu, na mke hajazeeka! Tungekuwa na hekalu la Taharqa pekee, vitabu vyetu leo vingekuwa na sura nzima kuhusu vita vyake na chifu yule. Hapa hatuzungumzii chumvi iliyozidi, dada. Tunazungumzia tukio ambalo kwa wafalme wawili wa mwisho halikuwapo kabisa.

MKAGUZI: Na mimi sina la kulitetea kama habari ya vita. Lakini jiulize ukuta ule ulikuwa wa nini. Haukujengwa kuwapa wananchi taarifa. Ulikuwa sehemu ya ibada: farao, kwa kuwa ni farao, huwashinda wageni na kulinda utaratibu wa dunia. Aliyenakili picha hakudhani anaghushi taarifa, alikuwa anatimiza wajibu wa hekalu. Kosa ni letu sisi tunaosoma dua kana kwamba ni ripoti. Na hata hapo hati haijawa bure. Inatueleza kwamba watawala wa Kushi kama Taharqa, waliotoka Sudan na kuitawala Misri, waliona kwamba ili wakubalike kuwa mafarao lazima wafanane na mafarao wa kale. Hiyo ni habari ya kweli kuhusu Taharqa, ingawa vita ni vya kunakili.

WAKILI: Kwa hiyo unakubali kwamba kuta za wafalme haziaminiki.

MKAGUZI: Nakubali kwamba haziaminiki katika kile zilichojengwa kutangaza. Lakini wewe umegeuza hoja ya wafalme kuwa hoja ya maandishi yote. Sehemu kubwa ya maandishi ya Mashariki ya Kati ya kale si ya wafalme wanaojisifu. Ni hesabu, mikataba, barua na risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu wa kale walilijua hilo kuliko sisi. Huko Kültepe, Uturuki, mji uliojulikana zamani kama Kanesh, wamechimbua zaidi ya vibao 20,000 vya wafanyabiashara Waashuru wa karne ya 19 KK hivi. Walisafirisha bati na vitambaa kwa misafara ya punda kutoka Ashuru, wakarudi na fedha na dhahabu. Mkataba wa deni uliandikwa kwenye kibao, kisha kibao kikafunikwa kwa tabaka jingine la udongo mfano wa bahasha. Maneno ya mkataba yakaandikwa tena juu yake na mashahidi wakagonga mihuri yao. Ugomvi ukizuka, bahasha inavunjwa na maneno ya ndani yanasomwa. Wewe wakili, ungetaka nini zaidi?

WAKILI: Ningetaka kumsikia mdaiwa. Watu wa kawaida nao husema uongo, dada. Mtazame Ea-nasir, mfanyabiashara wa shaba wa mji wa Uri, karibu mwaka 1750 KK. Mteja wake Nanni alimwandikia barua ya hasira kwenye kibao: shaba ni mbovu, mjumbe wangu umemdharau, fedha yangu umeichukua. Kibao kiko katika Makumbusho ya Uingereza, na leo dunia nzima inamcheka Ea-nasir kuwa tapeli wa kwanza. Nani amewahi kumpa nafasi ya kujitetea? Labda Nanni alikuwa mteja msumbufu asiyelipa madeni.

MKAGUZI: Labda. Lakini Nanni hakuwa peke yake. Katika nyumba ambayo mchimbaji Leonard Woolley aliitambua kuwa ya Ea-nasir, kulikuwa na barua nyingine za watu wanaodai shaba yao. Kwamba alikuwa tapeli, sitaapa. Kwamba alifanya biashara ya shaba, kwamba malalamiko yalikuwapo, kwamba watu walipeleka fedha mbele kabla ya kupokea mzigo, hayo sina shaka nayo. Nanni alikuwa na sababu ya kumchafua Ea-nasir. Hakuwa na sababu ya kutunga utaratibu mzima wa biashara ambao mpokeaji barua aliujua vizuri kuliko yeye.

MWALIMU: Hapo Mkaguzi amegusa jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini. Nitatoa mfano wa utawala mmoja wenye sauti mbili. Ramses III alipofariki, ilitayarishwa hati ndefu ya mafunjo inayoitwa Mafunjo Makuu ya Harris, yenye urefu wa zaidi ya mita 40. Inaorodhesha zawadi alizotoa kwa mahekalu na kuieleza nchi yake kuwa ilijaa neema na amani. Sasa chukua hati nyingine ya utawala huohuo, iliyoko Turin, Italia, ambayo inahusishwa na mwandishi Amennakht wa kijiji cha Deir el-Medina. Katika mwaka wa 29 wa Ramses III, mafundi waliochonga makaburi ya wafalme hawakupata posho yao ya nafaka kwa wakati. Wakaacha kazi, wakapita kuta za ulinzi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu, wakilalamika kwamba wana njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, samaki wala mboga. Huo ni mgomo, mmoja wa ile ya mwanzo kabisa tunayoijua kwa maandishi.

MKAGUZI: Na mwandishi wake hakuwa mpinzani wa serikali. Alikuwa karani anayeandika yanayotokea kwa sababu kazi yake ilimtaka aandike. Aliandika tarehe, madai, na nani alikuja kuwatuliza. Hakuwa akimwandikia mjukuu wa mjukuu wake.

WAKILI: Mimi hati hiyo naichukua kama kielelezo changu! Inathibitisha kwamba Mafunjo ya Harris yanatudanganya.

MKAGUZI: Inathibitisha hivyo kwa kutumia nini, kaka? Kwa maandishi! Umemkamata shahidi mmoja kwa mdomo wa mwingine, na wote wawili wameandika. Hoja yako ilisema maandishi si ushahidi.

MWALIMU: Wakili, hapo umeteleza. Lakini nisikuache uanguke. Tuchukue kesi moja tuipime pamoja, wewe ukiuliza maswali ya dodoso. Mwaka 701 KK, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliivamia Yuda ya mfalme Hezekia. Tuna maelezo ya Senakeribu kwenye mche wa udongo uliopatikana Ninawi, mji wake mkuu. Tuna Kitabu cha Pili cha Wafalme katika Biblia. Na tuna udongo wenyewe wa Yuda.

WAKILI: Naanza na mshambuliaji. Anadai nini?

MWALIMU: Kwamba aliteka miji 46 yenye ngome, akachukua watu 200,150, akamzingira Hezekia ndani ya Yerusalemu, na Hezekia akampelekea kodi: talanta 30 za dhahabu, talanta 800 za fedha, na vitu vingine vingi.

WAKILI: Na upande wa utetezi?

MWALIMU: Biblia inasema Senakeribu aliteka miji yenye boma ya Yuda, na Hezekia akatozwa talanta 30 za dhahabu na 300 za fedha. Kisha malaika wa Bwana akaua watu 185,000 katika kambi ya Ashuru usiku mmoja, na Senakeribu akarudi Ninawi.

WAKILI: Dhahabu wamelingana, fedha wametofautiana, mwisho wametengana kabisa. Ninachokiona ni hiki. Mshambuliaji hasemi kwamba aliiteka Yerusalemu?

MWALIMU: Hasemi.

WAKILI: Mtu anayehesabu mateka hadi kumi za mwisho anasahau kutaja mji mkuu? Hakuuteka. Na utetezi hauwezi kuficha kwamba mfalme wake alilipa. Kila mmoja ametamka jambo lisilomfaa, na mambo hayo mawili yanashikana. Senakeribu alipita Yuda kwa moto, Hezekia alilipa, Yerusalemu ikabaki. Hizo takwimu za 200,150 na 185,000 siwezi kumhukumu mtu kwazo.

MKAGUZI: Na ardhi inasemaje, Mwalimu?

MWALIMU: Ardhi inasema Lakishi, mmoja wa miji ya Yuda yenye ngome. Wachimbaji wamekuta huko tuta kubwa la mawe lililojengwa na Waashuru ili kupandisha mitambo yao hadi ukutani. Tuta hilo linaonekana pia katika picha za mawe ambazo Senakeribu alipambia chumba cha kasri lake huko Ninawi. Biblia inaitaja Lakishi kuwa mahali alipokuwa amepiga kambi. Mfalme alikuwa na Yerusalemu ya kujivunia kama angeiteka, lakini chumba alikipamba kwa Lakishi.

WAKILI: Kesi hii nimeridhika nayo. Lakini nimeridhika kwa sababu nilikuwa na mashahidi watatu wasioelewana.

MKAGUZI: Wakati mwingine anatosha mmoja, akiwa wa aina yake. Babeli walikuwa na makuhani wasomi walioandika kila mwezi mienendo ya mwezi na sayari, bei za shayiri na tende, kimo cha mto Frati, na matukio ya nchi. Vibao vyao vinataja kupatwa kwa mwezi siku chache kabla ya Alexander kumshinda Dario, mfalme wa Uajemi, katika vita vya Gaugamela, mwaka 331 KK. Waandishi wa Kigiriki nao wanalitaja tukio hilo. Leo wanahesabu wa anga wanarudisha saa nyuma na kuukuta mwezi umepatwa tarehe 20 Septemba ya mwaka huo, siku 11 kabla ya vita. Mwezi haukuwa mfuasi wa Alexander wala wa Dario. Makuhani hao hao waliandika kifo cha Alexander mwezi Juni mwaka 323 KK, kwa maneno machache tu, kisha wakaendelea na hali ya mawingu.

WAKILI: Nawaheshimu makuhani hao. Sasa nipeni nafasi ya hoja yangu ya mwisho, ambayo mwezi hauwezi kuijibu. Wote tuliowataja walikuwa na kalamu. Katikati ya karne ya kwanza BK, mfanyabiashara mmoja asiyejulikana jina, aliyeishi Misri na kuandika Kigiriki, alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi unaoitwa Periplus. Anaitaja pwani yetu kwa jina la Azania, na soko lake la mwisho, Rhapta. Anataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Anataja mikuki na mashoka yaliyoletwa kutoka Arabuni. Anasema Rhapta ilikuwa chini ya watawala wa Yemen. Mtu mmoja wa Rhapta hamtaji kwa jina. Nasi tunaisoma kutoka nakala iliyoko Heidelberg, iliyonakiliwa karne ya 10, miaka karibu 900 baada ya mwandishi. Asiyekuwepo na lake halipo. Hata mahali Rhapta ilipokuwa bado wanapatafuta, wengine delta ya Rufiji, wengine pengine.

MKAGUZI: Kuhusu bidhaa namwamini, kwa sababu aliwaandikia wafanyabiashara wenzake. Angewaambia wapakie mzigo usiouzika Rhapta, wangerudi na hasara na kitabu chake wangekitupa. Kuhusu utawala wa Yemen, yawezekana alirudia waliyomwambia Waarabu waliotaka kuonekana wenyeji wakuu wa njia ile. Hapo namwekea alama ya kuuliza. Kuhusu watu wa Rhapta walivyojiona wao wenyewe, kaka, huna la kumuuliza na mimi sina la kumtetea.

WAKILI: Nashukuru kwa hilo. Maana hatari kubwa ya maandishi haiko katika uongo wake. Uongo unaweza kukamatwa, umeonyesha mara tatu. Hatari ni kwamba aliyeandika hugeuka kuwa kipimo cha aliyekuwepo. Kijiji cha wafua chuma cha pwani kilichokuwa kikubwa lakini hakikuandika kinaonekana kidogo kuliko mji mdogo ulioandika. Kwa hao itabidi tuchimbe, tusome vigae, shanga na mavi ya chuma.

MWALIMU: Je, unaiondoa hoja yako?

WAKILI: Siiondoi, naisahihisha. Kila hati ni ushahidi, lakini mara chache ni ushahidi wa kile inachotangaza.

MKAGUZI: Na mimi naiunga mkono hoja hiyo mpya, nikiongeza kwamba anayeitupa hati kwa kuwa mwandishi wake alikuwa na maslahi hatabaki na hati hata moja mkononi. Hakuna aliyewahi kuandika bila maslahi. Hata karani wa mgomo alitaka mkuu wake ajue kwamba alikuwapo kazini.

MWALIMU: Basi nami nina kazi ya kufanya. Shuleni, katika masomo ya mwanzo ya historia, tunawafundisha wanafunzi vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, mabaki ya kale. Kisha tunawakaririsha faida na hasara za kila kimoja, kana kwamba maandishi kama aina yana kiwango chake cha kuaminika, na masimulizi chake. Jioni hii imeonyesha kwamba kiwango hicho hakipo. Ramses yuleyule, ukuta uleule, anaaminika kuhusu majina ya vikosi vyake na haaminiki kuhusu nguvu za mkono wake. Nikiutunga mtihani ujao sitaomba orodha ya faida tano. Nitawapa wanafunzi maelezo ya vita vya Kadeshi na kuwauliza: mfalme huyu aaminiwe kuhusu nini, asiaminiwe kuhusu nini, na umejuaje? Alama nyingi zitakuwa kwenye hilo la mwisho.